Kulia kwa Tableti, Kushoto kwa Taifa

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimekatazwa kufundisha. Rasmi! Mkuu wa shule kasimama chumba cha walimu, kashika tableti kifuani kama kichanga kilichotoka kuzaliwa, akatutangazia kuwa walimu wa sayansi na hesabu si walimu tena. Ni wawezeshaji. Kazi yetu ni kuwasha, kunyamaza, na kuzima. Kufundisha atafundisha yule bwana wa kwenye video. Wanafunzi wameshampa jina, Bwana Kioo.

Nikisimamisha video niongeze neno, mfumo unaona. Nikizidisha, jina la shule linageuka jekundu huko makao makuu ya mradi wa hizi tableti. Mkuu anaogopa wekundu huo kuliko anavyoogopa paa la bweni linalovuja. Fizikia nimeisomesha hapa tangu madarasa hayana madirisha, na leo mimi ni swichi. Swichi yenye digrii!

Maabara yangu nayo haipo. Sinki zimefunikwa kwa mbao, juu wametandika vitambaa vya meza vyenye maua. Sumaku, nyaya, chupa, hata vitabu, vyote vimetupwa stoo ili rafu zipatikane za kuchajia. Chini ya zile mbao panya amekufia humo. Mkuu akasema pulizieni manukato. Sasa chumba kinanuka panya aliyejipulizia manukato, ndimo tunamofunzia sayansi.

Jumatano, 5 Machi

Kinyaa. Sina neno jingine. Vile vya kusikilizia masikioni ni vichache kuliko wanafunzi, basi vinazunguka. Kimoja leo nimekiona kina nta ya watu wa kidato kizima, ya njano, imekauka. Mtoto kakifuta kwenye sketi, kakitia sikioni, katulia. Kioo cha tableti wanakisafisha kwa mate. Nikasema jamani, kitambaa! Wakaniambia ninasumbua, Bwana Kioo anaongea.

Bwana Kioo mwenyewe ana meno meupe mno. Kila akimaliza jambo anapiga kidole, anasema, “Safi kabisa, twende kazi!” Shule nzima sasa inasema hivyo. Mpishi wa shule kaipua sufuria, safi kabisa, twende kazi. Nyumbani nako, binti wa dada yangu kamaliza kudeki, kapiga kidole. Nilitaka kumrushia tambara.

Huyu mtoto namlea mimi tangu hajui kufunga kamba za viatu. Sasa yuko kidato cha nne, darasani kwangu, na kuna jambo kubwa. Mradi utachukua mwanafunzi mmoja tu kutoka shule yetu, wampeleke shule ya vipaji vya sayansi, kila kitu juu yao. Wanaangalia alama za ndani ya tableti tu, basi. Jioni kaja anaruka. “Mama mdogo, niko wa kwanza!” Nimefurahi, siwezi kukataa. Imeniudhi kufurahishwa na kitu ninachokichukia, lakini nimefurahi.

Ijumaa, 7 Machi

Somo la leo, mota ya umeme. Waya wenye umeme ukiwa kati ya sumaku unasukumwa. Unasukumwa upande gani? Hapo ndipo tunatumia mkono wa kushoto. Kidole cha shahada kinaelekea kama nguvu ya sumaku, cha kati kama umeme, na gumba linakuonyesha waya utakakokwenda. Hata nikiamshwa usingizini nitaionyesha.

Bwana Kioo kasema, inueni mkono kama mimi. Darasa zima likainua wa kulia!

Nikasimamisha video. Nikasema hapana, kushoto, wanangu, kushoto! Wakanitazama kama niliyeingia msikitini na viatu. Mmoja nyuma akasema kwa adabu kabisa, mwalimu, hebu inua huo wa kushoto uuweke kando ya wake, uone kama inafanana. Nikaenda mpaka kwenye ukuta inapomulikwa picha. Nikanyoosha vidole. Havifanani! Mkono wa Bwana Kioo ni wa kulia, hakuna ubishi. Wakacheka, si kwa ubaya, kama unavyomcheka bibi aliyeshika rimoti kichwa chini.

Nikawasha. Nikanyamaza. Kazi ya swichi.

Jumamosi, 8 Machi

Tumeigundua! Na si mimi niliyeigundua, ni mwanangu huyu wa dada. Tumekaa sebuleni na tableti yake, tunairudia ile video, natafuta nimekosea wapi miaka yote hii. Ghafla akasema, mama mdogo, tazama saa ya ukutani nyuma yake. Saa haina namba, ina vistari tu. Mshale wa sekunde unakwenda kinyumenyume! Tukatazama shati. Vifungo viko upande wa vifungo vya kike.

Picha imepinduliwa kama kwenye kioo cha kujitazamia. Mtu huko mjini kabonyeza kitu, labda aone Bwana Kioo anapendeza zaidi akitazama upande huu, na mkono wa kushoto ukawa wa kulia. Maandishi wameyabandika baadaye, ndiyo maana yanasomeka. Tumecheka mpaka mbavu zikauma. Mtoto akalala chini.

Halafu nikafungua maswali ya jaribio. Michoro yake yote imechorwa kwa kufuata ile video. Jibu sahihi kwao ni jibu la mkono wa kulia. Waya unaopanda juu, wao wanasema unashuka. Aliyetunga maswali hakufungua kitabu, kaitazama video tu kama mtoto wa kidato cha kwanza. Na analipwa! Kicheko kilikatika pale pale.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefanya uhalifu. Nimemwambia karani nataka ufagio, akanipa ufunguo wa stoo, nikatoka na sumaku ya umbo la U nimeificha ndani ya mtandio. Mwizi wa vifaa vyangu mwenyewe!

Darasani nikatundika ukanda wa foili ya jikoni kati ya ncha za sumaku, nikaunga betri. Nikawauliza kwanza, utakwenda wapi? Chini, mwalimu! Wote, kwa sauti moja. Nikagusisha waya. Foili ikaruka juu. Nikarudia. Juu. Nikamwita mtoto wa mwenye duka, ndiye wa pili kwa alama, afanye mwenyewe. Juu.

Nikadhani nimeshinda. Kisha wakaanza. Labda betri imeisha. Labda sumaku imezeeka, mwalimu, imekaa sana stoo. Labda foili ni ya mapishi, siyo ya sayansi. Ya sayansi! Mwanangu pekee ndiye aliyesimama, akawaeleza habari ya saa na vifungo. Wakamzomea. Wakasema anambeba mama yake mdogo.

Wameona kwa macho yao wenyewe foili inaruka juu, wakaamini inashuka kwa sababu kioo kimesema. Sina hasira na watoto. Wamefundishwa kwamba kinachong'aa ndicho kinachojua.

Jumanne, 11 Machi

Nimempigia mtu wa mradi. Nimemweleza taratibu, saa, vifungo, mkono, maswali. Alinisikiliza vizuri sana. Ni mtu mpole, na upole wake ndio unaochefua. Akasema, “Ahsante sana kwa maoni yako, mwezeshaji.” Maoni! Nikamwambia haya si maoni, ndugu yangu, waya hauna maoni. Akasema video imeshapitishwa na jopo la wataalamu na iko kwenye shule nyingi mno. Wakibadilisha jibu sasa, alama za watoto wote zitavurugika, na wafadhili wameshaonyeshwa chati. Labda mwaka kesho.

Kwa hiyo kosa linabaki kwa sababu limeenea. Kabla hajakata akanikumbusha kuwa shule yetu imeanza kuwa ya njano kwa kusimamisha video, nijitahidi.

Alhamisi, 13 Machi

Jaribio la wiki. Mwanangu kajibu kwa mkono wa kushoto maswali yote ya mota. Yote mekundu. Ameporomoka kutoka juu mpaka huko chini wanakokaa watoro. Mtoto wa mwenye duka ndiye wa kwanza sasa.

Amerudi, hakupiga kidole. Amekuna nazi, amefagia, ameteka maji, ndipo akauliza.

“Mama mdogo, una hakika?”

“Nina hakika.”

“Basi kwa nini aliyekosa ni mimi?”

Nimemwambia ale kwanza.

Baadaye dada kapiga simu. Habari zimeshamfika, sijui nani alizibeba. Hakusalimu. “Huo ukweli wako ndio utakaomsomesha mwanangu? Wewe umeshasoma, umeshapata kazi, sasa unamfanyia mtoto wa mwenzio majaribio kama chura wa maabara.” Nikasema dada, ni fizikia. Akasema, “Ni maisha yake!” Akakata.

Ijumaa, 14 Machi

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Mkuu kaniita ofisini. Nilikwenda na kitabu, nikijua atanikaripia. Hakukaripia. Alifunga mlango, akasogeza kiti, akasema kwamba ananielewa kabisa, na yeye mwenyewe alishafanya utafiti, jibu langu ndilo sahihi.

Anajua! Ndilo lililonimaliza. Angekuwa mjinga ningemsamehe.

Akasema tuwe watu wazima. Mtihani wa taifa unataka kushoto, mradi unataka kulia, tatizo liko wapi? Tuwafundishe vyote viwili. Mkono wa kulia kwa tableti, mkono wa kushoto kwa taifa. “Funika kombe mwanaharamu apite, mwalimu.” Na wageni wa mradi, wafadhili wenyewe, wanakuja Ijumaa ijayo, kutakuwa na marudio ya jaribio hadharani, binti yako anaweza kupanda tena, nimekuombea mimi mwenyewe. Akanitazama asikie ahsante.

Nikamwuliza, na waya je? Waya wenyewe uende wapi? Akacheka. Alidhani natania.

Mchana kawapanga wanafunzi uwanjani akawaimbisha. Kulia kwa tableti! Kushoto kwa taifa! Wanapiga makofi, wanarusha mikono, wanacheka. Mwalimu wa kemia kaniegemea sikioni, kasema tuombe Mungu usije mradi mwingine, watoto watahitaji mguu. Sikuweza hata kutabasamu. Nilikwenda nyuma ya choo nikatema mate mpaka koo likakauka. Wameimbishwa uongo kwa kibwagizo, na mtungaji ni mkuu wa shule mwenye shahada ya ualimu.

Mwanangu alisimama mstari wa mbele, mdomo kaufunga. Nilimwona.

Jumapili, 16 Machi

Tumefua tangu asubuhi. Tukiwa tunakamua shuka, yeye huku mimi kule, akasema bila kunitazama kwamba Ijumaa atajibu kushoto. Nikasema nafasi itakwenda. Akasema anajua. “Foili iliruka juu, mama mdogo. Sasa niseme nini?”

Nimejisikia mrefu kama mnazi. Nimemkaangia samaki yule mkubwa, mkia hadi kichwa, wa kwake peke yake.

Jumatano, 19 Machi

Wageni, wageni, wageni. Vyoo vimepakwa chokaa nje, ndani havijaguswa. Nani atawaonyesha wageni ndani? Yule panya hatimaye katolewa, au tuseme kilichobaki chake, na fundi seremala akapigilia mbao upya. Mkuu kaagiza kila mwanafunzi akate kucha kwa ajili ya kamera.

Na jipya, Bwana Kioo anakuja mwenyewe! Watoto wamepagawa. Mmoja kaniuliza kama ataweza kuwagusa. Mwenye duka kamshonea mwanawe shati jipya.

Dada kapiga tena. Safari hii alilia. Kusikia dada yangu mkubwa analia, yule aliyenibeba mgongoni, ni jambo baya. Hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye anasafisha ofisi za watu ambao hawajui hata mkono wao wa kulia, na wanakaa kwenye viti vinavyozunguka. Kwamba mtoto akishaingia shule ile atafundishwa ukweli wote anaoutaka. Alisema, “Dakika moja tu ya uongo, mdogo wangu. Moja.” Nimesema nitaona. Nimekasirika kwa sababu alichosema kilikuwa na maana.

Ijumaa, 21 Machi

Naandika hapa hapa ukumbini, kiti cha nyuma, daftari gotini. Wakiniona watadhani naandika ripoti.

Bwana Kioo ni mfupi. Na si mwalimu! Tulikuwa kwenye chai, nikamvuta kando, nikamweleza habari ya video. Kacheka kwa yale meno. “Mama, mimi ni mtu wa matangazo. Sabuni, dawa za mbu. Fizikia niliikimbia shuleni.” Anasoma anachoandikiwa. Mkono aliambiwa inua, akainua. Mambo ya kupinduliwa niongee na wahariri. Akaniuliza kama nataka kupiga naye picha. Wala hakuona haya, na kwa kweli kwa nini aone? Hakumdanganya mtu makusudi. Waliodanganya ni sisi tuliokula viapo vya ualimu.

Jaribio la marudio likaanza saa nne, maswali yakimulikwa ukutani, kamera mbili, wageni mstari wa mbele. Mwanangu kawaka! Hesabu, mwanga, joto, kila swali. Kapanda, kapanda, mpaka amelingana na mtoto wa mwenye duka, alama kwa alama. Likabaki swali moja. Mimi nililijua kabla halijatoka. Waya, sumaku, umeme. Waya utakwenda upande gani? Onyesha kwa mkono mbele ya kamera.

Mtandao ukakatika. Duara likazunguka ukutani, likazunguka. Mkuu kachanganyikiwa, mtu wa mradi kapanda juu ya meza kushika kijisanduku cha mtandao. Wakasema basi, tukale kwanza.

Nimemfuata mwanangu bombani. Nilikuwa na maneno mengine kabisa mdomoni, naapa. Nilitaka kumwambia amefanya vizuri. Alikuwa ananawa, ana wino kwenye vidole. Nikasikia sauti yangu inasema, “Leo tu, mwanangu. Inua wa kulia. Leo tu, halafu hatutasema tena.” Nikaongeza kuwa mama yake amelia. Nikaongeza, Mungu nisamehe, kwamba wote wanajua ukweli, hata Mkuu anajua, kwa hiyo si uongo hasa.

Hayo ni maneno ya nani? Nimeyatoa wapi? Yalitoka laini kabisa, bila kukwama.

Hakufunga bomba. Alinitazama, maji yanamwagika, akanitazama kuanzia miguuni kama ananipima. Hakukasirika. Alikunja pua kidogo tu, kama mtu aliyesikia harufu.

“Kumbe na wewe, mama mdogo.”

Akafunga bomba, akaenda zake. Hakula.

Sasa mtandao umerudi. Swali liko ukutani, kubwa kama mlango. Wageni wamekaa, wengine bado wanachokonoa meno. Bwana Kioo kasimama katikati na kipaza sauti, kapiga kidole. “Safi kabisa, twende kazi! Mikono juu tuione!” Mtoto wa mwenye duka kainua wa kulia, vidole vitatu vimenyooka vizuri, vinafanana na vya video kabisa. Ukumbi umepiga makofi. Mstari wa nyuma wanaanza kuimba kile kibwagizo, mwalimu wa kemia anawanyamazisha.

Mkuu kageuka kwenye kiti chake, kanitafuta mpaka kaniona. Akanikonyeza. Ananikonyeza mimi! Kama mwenzake.

Sasa wanamngoja mwanangu. Kamera imemsogelea. Mikono yake yote miwili iko chini ya meza, na haangalii ukutani, wala haniangalii mimi.